Kazi Haiishii Mkononi: Jibu kwa Mwanafunzi Aliyeuliza



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wanafunzi, wazazi na walezi, mimi mchana ni fundi wa mashine za boti hapa Kilwa Masoko, na baada ya sala ya Alasiri huja chuoni kusomesha watoto. Siku moja, darasa lilipokwisha, kijana mmoja aliyekuwa anakaribia kuhitimu alibaki nyuma. Wenzake walipotoka akaniambia: "Maalim, nimesoma hapa miaka sita. Shule nimemaliza kidato cha nne. Kaka yangu mkubwa yuko baharini, wa pili yuko Dar es Salaam anaendesha bodaboda. Mimi bado sijui pa kwenda. Hiki kisomo cha chuo kitanisaidia nini katika kutafuta maisha?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe muda, kwa sababu swali lake lilinigusa mahali ambapo mimi mwenyewe nimewahi kujikwaa. Kamati ya jarida iliponitaka niandike, nikaona heri nimjibu yeye mbele ya wote, kwani naamini vijana wengi wa pwani yetu, kutoka Somanga hadi Lindi mjini, wanalo swali hilo hilo ila wanaona haya kuliuliza.

KAZI KATIKA DINI YETU

Kwanza tuondoe dhana moja. Wapo wanaodhani kwamba mtu wa dini ni yule anayekaa msikitini, na kwamba kutafuta riziki ni jambo la dunia tu. Dhana hii haina msingi. Katika Sura Al-Jumua, Mwenyezi Mungu anapotuamuru tuache biashara na tuende kwenye sala ya Ijumaa, anafuatisha hapo hapo amri ya kutawanyika katika ardhi baada ya sala na kutafuta fadhila Zake, huku tukimkumbuka kwa wingi. Sala na kazi zimetajwa pamoja, na kumkumbuka Mola kumewekwa katika vyote viwili.

Mitume nao walikuwa watu wa kazi. Nabii Nuh (A.S.) aliunda safina kwa mikono yake huku watu wakimcheka. Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma akafua mavazi ya vita, na Mtume wetu (S.A.W.) akamtaja kuwa ni mfano wa mtu anayekula kutokana na kazi ya mkono wake. Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala. Mtume wetu mwenyewe alichunga mbuzi na akafanya biashara.

Imepokewa pia katika kitabu cha Abu Dawud kisa cha Answari mmoja aliyekuja kuomba sadaka. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kama ana kitu chochote nyumbani. Akasema ana nguo nzito ya kujifunika na kutandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaviuza vitu hivyo kwa dirham 2 mbele ya watu, akamwambia kwa dirham moja anunue chakula cha nyumbani na kwa nyingine anunue shoka. Mtume akalitia shoka lile mpini kwa mkono wake, akamtuma akakate kuni auze, wasionane kwa siku 15. Mtu yule aliporudi alikuwa amepata dirham 10.

Hebu tukitazame kisa hiki kwa makini. Mtu yule alipewa chombo cha kufanyia kazi, akaelekezwa kazi yenyewe, na akawekewa muda wa kurudi kueleza alivyofanya. Hakuachiwa shoka tu akaondoka nalo. Mambo haya matatu, yaani chombo, kazi na hesabu, ndiyo nitakayoyafuata katika makala hii.

MJI ULIOJENGWA KWA UJUZI

Sisi wa Kilwa hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Ukisimama kwenye gati la Masoko, kisiwa cha Kilwa Kisiwani unakiona kwa macho, na mashua inakuvusha kwa muda mfupi. Magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi kubwa ya ukarabati yakaondolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014.

Msafiri maarufu Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji kwa uzuri wake na watu wake kwa dini yao. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11 au 12, ulipanuliwa katika karne ya 14 na kuezekwa kwa kuba za mawe. Mawe yale ni matumbawe. Mafundi walijua aina ya tumbawe ambalo likitolewa baharini bado bichi huchongeka kwa urahisi, na likikauka huwa gumu. Walijua pia kuchoma matumbawe ili kupata chokaa, kuizima kwa maji na kuiacha ikomae kabla ya kujengea. Hiyo ndiyo teknolojia ya zama zao, na wao ndio waliokuwa wataalamu wake. Sarafu zao za shaba zilisafiri mbali, kwani moja yenye jina la sultani huyo iliokotwa Zimbabwe Kuu, na tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Lakini kuna jambo jingine ambalo mgeni anaweza kulipita bila kuliona. Katika zama hizo hizo lilijengwa jumba la Husuni Kubwa juu ya jabali, lenye vyumba vingi, nyua na birika la pembe nane. Mafundi walikuwa wa mji huo huo, na mawe na chokaa ni vile vile. Jumba lile lilikaliwa muda mfupi tu. Msikiti ulitumika kwa karne kadhaa, ukibomoka unatengenezwa. Kazi ya mkono ilikuwa moja, lakini makusudio ya majengo yalikuwa mbalimbali, na kile kilichokuwa cha watu wote ndicho watu walichokubali kukitunza.

SI KILA KINACHOLETA FEDHA NI KAZI

Tukisifu historia yetu, tuisome yote. Katika karne ya 19 mji uliostawi ulikuwa Kilwa Kivinje. Ukipita leo utaona majengo yake ya kale, mengine yakiwa na milango ya nakshi. Mji ule ulitajirika kwa pembe za ndovu na, kwa kiasi kikubwa, kwa kuuza watu. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa ikiwaleta wanaume, wanawake na watoto waliofungwa, wakapakiwa majahazini kwenda Unguja na kwingineko. Biashara hiyo ya baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka 1873 uliotiwa saini na Sultani Barghash, na hata baada ya hapo iliendelea kwa siri kwa miaka kadhaa.

Waliokuwemo katika biashara ile walikuwa watu wa mataifa mbalimbali, na wengine walikuwa Waislamu waliosali sala tano. Ni lazima tuliseme hili bila kuficha. Mwenye jahazi alisema yeye anasafirisha tu, na fundi aliyekalafati jahazi lile akasema yeye anaziba nyufa tu. Mwandishi wa hesabu naye alikuwa anaandika tu. Kila mmoja aliishia kwenye kipande chake cha kazi, akarudi nyumbani na ujira.

Ipo hadithi Qudsi iliyopokewa na Bukhari ambamo Mwenyezi Mungu anataja watu watatu ambao Yeye Mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama. Wa kwanza ni aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akaivunja. Wa pili ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu ni aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi yote, naye asimlipe ujira wake. Tazama jinsi dhulma ya soko la watumwa ilivyowekwa katika mstari mmoja na dhulma ya kumnyima kibarua posho yake. Yeyote miongoni mwetu mwenye duka, shamba au boti, akimcheleweshea mfanyakazi malipo yake pasina udhuru, aikumbuke hadithi hii.

NILIPOJIKWAA MIMI

Sasa nieleze yaliyonipata, kwa sababu si haki kuwausia wengine huku nikijificha.

Nilijifunza kazi kwa mjomba wangu, fundi wa vyombo vya baharini. Nilianza kwa kushika tezo na keekee, nikajua mkuku unalazwaje, mataruma yanapandishwaje, na pamba inavyogongwa katika nyufa ili maji yasiingie. Boti za mashine zilipozidi, nikahamia huko. Mashine niliipenda. Ikija imekufa, ukiisikiliza na kuifungua kwa utaratibu, ikanguruma tena, moyo unafurahi.

Mwaka 2009 aliniletea mashine mtu mmoja ambaye kila aliyekuwa pwani alimjua kuwa boti yake inapiga baruti. Mimi pia nilijua. Nyumbani tulikuwa na mgonjwa, na fedha aliyoniahidi ilikuwa mara mbili ya kawaida. Nikajisemea: mimi ni fundi, natengeneza mashine, atakakokwenda nayo ni juu yake. Nikaitengeneza vizuri sana. Akanilipa siku hiyo hiyo.

Wiki chache baadaye boti ile ilirudi na kijana mmoja akiwa amekatika mkono wa kulia. Baruti ilimlipukia kabla hajaitupa. Kijana yule tulisoma naye chuo kimoja, ubao mmoja, na katika darasa letu hakuna aliyemshinda kwa hati nzuri. Alikuwa amepata kibarua katika boti ile kwa sababu hakupata kazi nyingine.

Hakuna aliyenilaumu. Sheria haikunitafuta. Lakini mimi nilikuwa najua mashine ile ilitoka mikononi mwa nani. Nilikwenda kwa maalim wetu mzee, Mwenyezi Mungu amrehemu, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Wakati unafunga skrubu ya mwisho, ulijua mashine inakwenda wapi?" Nikasema nilijua. Akasema: "Basi kazi yako haikuishia mkononi mwako. Ilifika naye mpaka kule." Akaniusia nitubu, nisirudie, na nitafute cha kutengeneza katika kilichoharibika.

Tangu siku ile boti ninayoijua kuwa ni ya baruti siigusi. Nilipoteza wateja, na kuna miezi tulikula muhogo mchana na usiku. Mtoto mkubwa wa rafiki yangu yule nimemfundisha ufundi bila ada, na leo ana karakana yake. Mkono wa baba yake haujarudi. Toba ni wajibu na rehema ya Allah ni pana, lakini kuna madhara ambayo fundi hawezi kuyafungua na kuyafunga upya, ndiyo maana nawaambia nyinyi mapema.

KWA NINI BARUTI NI DHULMA

Baadhi ya vijana husema: "Bahari ni ya Mungu, samaki ni wa Mungu, kosa liko wapi?" Tueleze basi kinachotokea chini ya maji.

Mlipuko humpasua samaki kibofu chake cha hewa, na wengi huzama badala ya kuelea, hivyo mvuvi hupata sehemu tu ya aliowaua. Vifaranga na mayai huangamia pamoja na wakubwa. Na mwamba wa matumbawe, ambao ndio nyumba, jiko na malezi ya samaki, huvunjika vipande vipande. Matumbawe makubwa yale ya mawe hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka. Tumbawe lenye kimo cha mita 1 limekua kwa muda wa karibu miaka 100, na linavunjika kwa kufumba na kufumbua. Vipande vyake hubaki vikisukumwa huku na huku na mawimbi, na tumbawe changa halipati pa kushika. Mvuvi wa dema, wa mshipi, na mama anayechokoa pweza maji ya bamvua yakitoka, wote hukuta mwamba mtupu ingawa hawakurusha kitu. Ndiyo sababu nchi yetu imeupiga marufuku uvuvi huu, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inamwekea mkosaji adhabu ya kifungo.

Mtume (S.A.W.) ametupigia mfano wa watu waliopiga kura ndani ya jahazi, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walikuwa wakipanda juu kuchota maji, wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Hadithi hii imepokewa na Bukhari kutoka kwa Nu'man bin Bashir. Sisi watu wa vyombo tunaifahamu kuliko watu wa bara. Hakuna tundu la mtu binafsi katika jahazi. Na tuone pia kwamba waliokuwa chini walikuwa na shida ya kweli, yaani maji. Kwa hiyo aliye juu asitosheke na kukataza. Awapitishie wenzake maji. Tajiri au kiongozi anayemkataza kijana baruti bila kumsaidia kupata nyavu halali au ujuzi, amefanya nusu ya wajibu wake.

SUBIRA ILIYO NA FAIDA

Alhamdulillah, pwani yetu ina mifano mizuri pia. Baadhi ya vijiji, Songo Songo kikiwa miongoni mwao, vimejaribu kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache bila mtu kuvua pweza, kisha kuifungua kwa siku maalumu kwa wote. Siri yake ni kwamba pweza huishi muda mfupi lakini hukua haraka sana. Aliyeachwa miezi mitatu huwa mkubwa zaidi na bei yake hupanda. Hapa hakukuhitajika mtambo wowote. Kilichohitajika ni watu kukubaliana, kila mmoja akaaminika kwamba hatakwenda usiku peke yake. Uaminifu huo hauuzwi dukani. Watoto huupata nyumbani na chuoni.

Msituni nako, vijiji vya Kikole na Kisangi hapa wilayani Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha kuvuna mbao kwa utaratibu kwa misitu inayomilikiwa na wanakijiji wenyewe, vikiwa vya kwanza Afrika. Mti wao mkubwa ni mpingo, ambao Ulaya huundiwa zumari, na ambao huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa. Anayeutunza mche wa mpingo leo anajua atakayeuvuna ni mjukuu. Naye Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza aupande.

SIMU NA MITAMBO MIPYA

Kijana wangu aliniuliza pia kuhusu simu, kwa kuwa wazazi wengine husema simu imewaharibu watoto. Nami namjibu kwa yale niliyojifunza kwenye mashine ile.

Chombo hakina nia. Nia iko kwa mwenye kukishika. Simu hiyo hiyo humpa nahodha utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla hajatweka, akajua kama upepo wa kusi utakuwa mkali. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Tanzania mwaka 2008, mtoto aliyeko Dar es Salaam anamtumia mama yake wa Kivinje fedha bila kumpa kondakta bahasha. Mchuuzi anauliza bei ya Feri kabla ya kukubali bei ya tajiri wa hapa.

Lakini ndani ya simu hiyo hiyo mna kamari ya mipira, ambayo vijana huiita kubeti, nayo ni ile ile iliyokatazwa katika Sura Al-Maida hata ikibadilishwa jina. Mna mikopo ya haraka yenye riba, ambayo mitaani imeitwa kausha damu, na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Mna uvumi ambao mtu huusambaza kwa kidole kimoja, asijue umevunja nyumba ya nani. Hapo pia kazi haiishii mkononi.

Siku hizi zipo na programu za akili mnemba zinazoandika insha na kujibu maswali. Mwanafunzi akizitumia kujifunza, kama anavyomuuliza kaka yake aliyemtangulia darasa, hakuna ubaya. Akizitumia kuandikiwa kazi ya mwalimu, amejidanganya mwenyewe, kwa sababu elimu iliyobaki ndani ya mashine haitamsaidia siku akisimama peke yake. Tena mashine haiulizwi Siku ya Hesabu. Anayeulizwa ni aliyeibonyeza.

SASA KIJANA AFANYE KAZI GANI?

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na ikaanza kupelekwa kwa bomba hadi Dar es Salaam mwaka 2004. Kwa miaka 30 neema ilikuwepo chini yetu ikingoja mtaji na ujuzi. Daraja la Mkapa katika mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, likatuondolea adha ya pantoni. Mwaka 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi hapa Kilwa Masoko. Mambo haya yanahitaji mafundi wa umeme, wa majokofu, wa kuchomelea vyuma, wahasibu, wapima ubora wa samaki. Mwenye ujuzi huitwa, na asiye nao hubaki akitazama magari yakipita.

Kwa hiyo nasaha zangu ni hizi:

1. Tafuta ujuzi wa mkono au wa kalamu, na usiuone mdogo. Kukaa na fundi miaka miwili ukimshikia taa si kupoteza wakati.

2. Usingoje kazi kubwa ndipo uwe mwaminifu. Anayepunja samaki kwenye mizani ya kilo 2 atapunja pia akipewa ghala.

3. Kabla ya kuikubali kazi, jiulize maswali matatu: Je, ni halali? Ikitoka mkononi mwangu inakwenda kwa nani? Na nikiondoka, itaacha nini nyuma yangu?

4. Ukibanwa na shida, sema. Mimi nilikaa kimya na mgonjwa wangu, nikaona aibu kukopa kwa ndugu. Laiti ningesema, nadhani nisingeichukua fedha ile. Nanyi wazee, mjenge nyumba ambazo kijana anaweza kusema ndani yake.

5. Usiache chuo kwa kuwa umepata kazi. Hapo ndipo unapokihitaji zaidi.

HITIMISHO

Kijana wangu, uliniuliza kisomo cha chuo kitakusaidia nini. Hakitakufundisha kufungua mashine, kutengeneza jokofu wala kuandika hesabu za kampuni. Hayo utayasoma kwa wenyewe, na ni wajibu kuyasoma. Chuo kinakufundisha lile swali aliloniuliza maalim wetu, ili ulijue kabla ya kufunga skrubu ya mwisho, wakati bado unaweza kuiweka chini bisibisi na kusema hapana. Mimi nilikuwa nimelisoma nikalisahau. Wewe lisome usilisahau.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape vijana wetu kazi za halali, azibariki bahari na mashamba yetu, awarehemu walimu wetu waliotangulia, na azikubali kazi za mikono yetu. Amin.

MASWALI YA MAJADILIANO KWA WANAFUNZI

1. Taja kazi tatu zilizofanywa na Mitume. Kila moja iliwanufaisha akina nani?

2. Eleza mfano wa jahazi, kisha utaje jambo moja katika mtaa wako linalofanana na kutoboa tundu.

3. Kwa nini Msikiti Mkuu wa Kilwa ulitunzwa muda mrefu kuliko Husuni Kubwa?

4. Muulize mzazi au mlezi wako: katika kazi yake, ni lini aliwahi kukataa fedha, na kwa sababu gani?

Wabillaahi tawfiiq.